Uso unaowasha siku mbili baada ya saluni

Msikilizaji, hebu tuchukue mfano ulio karibu nasi. Bibi harusi mtarajiwa anakwenda saluni siku ya Alhamisi, iwe Muscat, Dubai au Leicester. Anafukizwa uso kwa mvuke, anasuguliwa kwa chembechembe za kuondoa ngozi iliyokufa, anapakwa udongo laini, kisha anakandwa shingo na mabega kwa mafuta yanayonukia. Anatoka akiwa na uso unaong'aa. Ijumaa inapita salama. Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya harusi, kope zimevimba, mashavu yanawasha na shingo imejaa vipele vidogo vidogo. Akipiga simu saluni anaambiwa asihofu: huo ni uchafu uliokuwa umejificha ndani ya ngozi na sasa unatoka. Akirudi mara ya pili utakwisha kabisa.

Maelezo hayo husikika katika miji mingi, na mara nyingi si ya kweli. Ngozi haina ghala la uchafu unaosubiri kufunguliwa mlango. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za chunusi, hasa zile zenye asili ya vitamini A, huweza kuzidisha chunusi katika wiki za mwanzo. Lakini chunusi hazivimbishi kope, wala hazimnyimi mtu usingizi kwa kuwasha. Yaliyompata bibi harusi wetu yana jina jingine, na kurudi mara ya pili ndiko kunakoweza kumdhuru zaidi.

Madaktari wa ngozi hutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza ni ngozi kuunguzwa au kuchubuliwa. Asidi kali ya kuchuna uso, mvuke wa moto kupita kiasi au msuguo wa nguvu huweza kumdhuru mtu yeyote. Maumivu huanza papo hapo au baada ya saa chache, na huishia pale pale palipoguswa. Hilo halina fumbo kubwa.

La pili ni mzio wa kugusa, na hili ndilo lenye hila. Kemikali ndogo hupenya tabaka la juu la ngozi na kujishikiza kwenye protini za mwili. Seli za ulinzi huichukua, huipeleka kwenye tezi, na huko huzalishwa seli nyingine zinazoikariri kemikali hiyo. Kazi hiyo huchukua takriban siku 10 hadi 14, na mhusika hasikii lolote. Kemikali ile ile inaporudi mara nyingine, kinga huitambua na kuishambulia, na vipele hutokea kati ya siku moja na siku tatu baadaye. Kwa sababu hiyo, hoja ya kwamba "mafuta haya nimeyatumia miaka mitano na hayajanidhuru" haithibitishi chochote. Mzio huweza kuanza mwaka wa sita. Ukishaanza, kwa kawaida hudumu maisha yote, na kila unapoigusa tena kemikali hiyo ngozi huweza kulipuka upya.

Kule kuchelewa kwa siku mbili ndiko kunakopoteza ushahidi. Mtu hulaumu samaki aliyekula jana usiku, au maji ya hoteli, huku mafuta ya Alhamisi yakisahaulika. Wakati mwingine hata uso wenyewe haukupakwa kitu kibaya. Ngozi ya kope ni nyembamba mno, na vidole huigusa mara nyingi bila mtu kujua, hivyo rangi ya kucha inaweza kuleta mzio machoni ilhali vidole vyenyewe ni vizima. Mwaka 2018, chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa onyo juu ya kemikali za jamii ya akrileti zinazotumika katika kucha za bandia na rangi za jeli, kwa kuwa zilikuwa zikisababisha vipele hata usoni na shingoni.

Sasa tuje kwenye manukato, kwani hapa sisi watu wa pwani tuna jambo la kusikiliza kwa makini. Tumelelewa tukiamini kwamba kitokacho shambani hakina madhara. Singo ya bibi harusi wa Unguja husagwa kwa maua na viungo vya nyumbani, na leo karafuu, mlangilangi, waridi na mchaichai zimo pia katika chupa za kukandia mwili kuanzia Ghuba hadi Marekani. Sina ugomvi na singo, na harufu yake hunirudisha nyumbani kuliko picha yoyote. Lakini mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo yujenoli, na mafuta ya mlangilangi nayo yanajulikana na madaktari kuwa chanzo cha mzio wa kugusa. Kinga ya mwili haijali kama kemikali imetoka Pemba au kiwandani.

Tangu mwaka 2005, sheria za Umoja wa Ulaya zimewataka watengenezaji wa vipodozi kutaja kwenye chupa manukato 26 yanayojulikana kuleta mzio yanapozidi kiwango fulani, yujenoli ikiwa miongoni mwao. Mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa na kupita 80. Limonini, inayopatikana katika maganda ya machungwa na ndimu, imo pia. Hiyo ina kisa chake: ikiwa mpya haina makali mengi, lakini ikikutana na hewa hubadilika na kuwa chokozi zaidi. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya saluni kwa miezi mingi si sawa na iliyofunguliwa leo.

Ndimu ina hatari nyingine isiyokuwa mzio. Maji yake, au mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda yake, yakibaki kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, huweza kuiunguza hadi kutoa malengelenge baada ya siku moja au mbili, na kuacha alama nyeusi. Anayejipaka ndimu nyumbani ili kung'arisha uso, kisha akatoka katika jua la Muscat, atakuwa amejitayarishia jeraha.

Alama hizo zinatuleta kwenye jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa. Vitabu vingi vya tiba vimeeleza uvimbe wa ngozi kwa neno moja, wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Hutokea zambarau, kijivu au kahawia iliyokoza, na pengine dalili ya kwanza ni joto na ukavu unaohisiwa kwa mkono kabla ya kuonwa kwa jicho. Daktari asiyezoea anaweza kusema haoni kitu. Vipele vikishapona, madoa meusi hubaki kwa miezi.

Na hapo ndipo mtego wa pili unapotegwa. Mwenye madoa huuziwa krimu ya kuyafuta, mara nyingi haina hata orodha ya viambato. Nyingine zina steroidi kali, ambazo hutuliza muwasho kwa siku chache lakini zikiendelea kutumika hufanya ngozi ya uso kuwa nyembamba na kuzalisha vipele vipya. Nyingine zina zebaki, inayodhuru figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa kiwango hicho, ili kufikia mwaka 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kiwe marufuku.

Afanyeje basi aliyeamka na uso umevimba? Aoshe kwa maji ya uvuguvugu, aache vipodozi vyote, aweke kitambaa chenye maji baridi, na apake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Asiongeze dawa ya meno, ndimu wala majani ya aina yoyote. Dawa ya steroidi ya uso iandikwe na daktari. Ikiwa midomo au ulimi unavimba, kifua kinabana au kichwa kinazunguka dakika chache baada ya kupakwa kitu, huo ni mzio wa aina nyingine, wa haraka na wa hatari. Apigiwe simu ya dharura mara moja: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman, 998 kwa gari la wagonjwa Falme za Kiarabu.

Saluni nyingi hupaka tone nyuma ya sikio na kusubiri nusu saa. Kwa mzio huu unaochelewa, nusu saa haitoshi. Njia ya uhakika ni kipimo cha kubandika, kilichobuniwa na daktari Josef Jadassohn mwaka 1895. Vijisahani vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa, na kusomwa tena siku mbili baadaye. Kipimo cha damu au cha kuchomwa kwa sindano mkononi hakiuoni mzio wa namna hii. Mgonjwa huombwa asiloweshe mgongo, na aje na chupa zote alizotumia, ikiwemo ya rangi ya kucha. Mwishoni hupewa karatasi yenye majina ya kemikali zilizomdhuru, na karatasi hiyo ndiyo ya kumwonyesha fundi wa saluni kabla hajafungua chupa, walau wiki mbili kabla ya harusi.