Kinachokula Tokeni Buruburu

Watu wengi hapa Buruburu, Nairobi, wakitaka kupunguza gharama ya stima huanza na balbu. Si vibaya: balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama wa ile ya zamani ya wati 60. Lakini pesa nyingi haipotelei hapo. Hupotelea kwenye vifaa vinavyopasha joto, halafu kwenye friji.

Chukua shawa ya umeme, ambayo mara nyingi ni ya karibu wati 5,500. Simama kando ya mita mtu akiifungua: kile kitaa chekundu kilichokuwa kikimeta polepole huanza kupepesa mfululizo. Kuoga dakika kumi ni yuniti 0.9 hivi. Watu wanne wakioga hivyo kila siku humaliza yuniti 110 kwa mwezi. Tukikadiria shilingi 30 kwa yuniti, kodi zikiwemo, hiyo ni 3,300. Kuchemsha birika la umeme mara mbili na kuchanganya na maji baridi kwenye beseni hula kama yuniti 0.35. Wapo wanaoamua hapo kung'oa shawa. Haina haja. Oga dakika nne tu, na matumizi yatakuwa karibu sawa na ya beseni.

Kwetu hesabu hii ina uzito zaidi kwa sababu ya ekstensheni. Nyumba za Buruburu zilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, kila nyumba kwa ajili ya familia moja. Leo nyumba kuu na vyumba vilivyoongezwa uani mara nyingi hutegemea mita moja ya Kenya Power. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani ina viwango vitatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100, kwa kuangalia wastani wa miezi mitatu. Familia tatu zinazotumia yuniti 50 kila moja zingestahili kiwango cha kati. Zikiwa kwenye mita moja, mita husoma 150 na wote hulipa bei ya juu, hata anayezima taa kila atokapo chumbani. Mwenye nyumba anayeombea wapangaji mita zao huwasaidia kuliko kifaa chochote cha dukani.

Friji ya mtumba huvutia kwa bei, ila ipime. Usiku zima kila kitu isipokuwa friji, andika yuniti zilizobaki, kisha usome tena asubuhi na ukadirie matumizi ya saa 24. Ikiwa inakula yuniti 1.5 kwa siku na mpya yenye nyota nyingi kwenye kibandiko cha EPRA, mamlaka ya nishati, inakula 0.7, tofauti kwa mwaka ni shilingi 8,800 hivi. Bei ya mtumba haiwi rahisi tena.

Kwa jikoni, sufuria ya presha ya umeme, ambayo Kenya Power huipigia debe kupitia kampeni yake ya upishi wa umeme, Pika na Power, huivisha maharagwe kwa chini ya yuniti moja, kwani hujizima presha ikishapanda. Chapati zibaki kwenye gesi.

Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu mwaka huu na nyumbani mnapika githeri kila wiki, nunua sufuria hiyo kwanza. Friji mpya ifuate ya zamani ikishapimwa.