Kufundisha Uainishaji kwa Mfano wa Chombo cha Kuchagua Gari

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi inavyosanifiwa programu ya simu au kompyuta inayomsaidia mnunuzi wa gari kupunguza wingi wa magari yaliyo mbele yake, hata yabaki machache ya kulinganisha. Tumeuchagua mfano huu kwa kuwa msingi wake ni seti, jambo ambalo mwalimu wa shule ya msingi hulifundisha kwa mbegu na vifuniko vya chupa. Tena si mchezo: mwalimu akopaye fedha na kuagiza gari lililotumika kutoka Japani atalipa deni hilo kwa miaka, gari limfae lisimfae.

Wingi wenyewe waweza kuwa kikwazo. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la kuuza jamu dukani. Meza ilipowekwa aina 24, walionunua walikuwa kiasi cha 3 katika kila watu 100 waliosimama. Ilipowekwa aina 6, walikuwa 30. Majaribio ya baadaye hayakupata matokeo hayo kila mahali, kwa hiyo tusiyafanye kanuni.

Tuseme basi tuna kadi 24, kila moja ikieleza gari moja. Swali zuri ni lile linaloligawa fungu karibu nusu kwa nusu: 24 huwa 12, kisha 6, kisha 3. Kumwuliza mnunuzi wa Tanzania usukani uwe upande gani ni kupoteza wakati, kwani sisi na Wajapani huendesha kushoto na karibu kadi zote zitabaki. Swali hilohilo lina uzito Burundi na Rwanda, ambako magari hupita kulia. Mambo mengine huamuliwa na sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Huko programu haina budi kuyaondoa magari hayo kabla ya kuuliza lolote.

Maswali nayo yawe ya maisha ya mnunuzi. Anayeulizwa ujazo wa injini hubahatisha, maana aliyelitunga swali alikuwa akitazama karatasi za gari, si mtu. Aulizwe husafiri na watu wangapi, na barabara ya kwake huwaje wakati wa masika. Kuyageuza majibu hayo kuwa idadi ya viti na kimo cha gari kutoka ardhini ni kazi ya programu.

Sasa tufike penye ugumu. Mwaka 1972 Amos Tversky alieleza namna watu wachaguavyo kwa kuondoa: hushika sifa moja, wakatupa vyote visivyo nayo, kisha wakashika ya pili. Tuchukue mnunuzi mwenye familia ya watu 7, anayetaka bei isizidi shilingi milioni 15. Gari A ni la milioni 14.5, lina viti 5. Gari B ni la milioni 15.2, lina viti 7. Akianza na bei, hubaki A. Akianza na viti, hubaki B. Mara abakiwapo na gari moja huacha kuchuja, na hivyo mpangilio wa maswali umemwamulia. Programu ikishika masharti yote mawili kwa pamoja, hupata seti tupu, nayo hujibu “Hakuna gari” na kunyamaza.

Jibu hilo ni sahihi kihesabu, lakini halimsaidii mtu. Msanifu mwangalifu hutenganisha masharti ya lazima na yale ya kupendelea, na seti ikiwa tupu hueleza sharti lipi likilegezwa kidogo litarudisha gari gani: “Ukiongeza shilingi laki mbili, gari B linarudi.” Uamuzi ni wa mnunuzi, ambaye huenda laki mbili hizo hana.

Darasani, kadi zaweza kukatwa katika maboksi makuukuu. Mwanafunzi mmoja awe mnunuzi. Wawili wawe programu, wakiruhusiwa maswali ya ndiyo au siyo tu. Wa nne atunze kadi zilizoondolewa, akiandika nyuma ya kila moja swali lililoitoa. Kundi lifanye kazi hiyo mara mbili kwa mnunuzi yuleyule, mara ya pili likianza na swali la mwisho, kisha walinganishe maandishi ya nyuma ya kadi.