Izimwe au Iachwe Ikiwaka? Tarakilishi ya Nyumbani na Utata wa Kitenzi 'Kuzima'

1.0 Utangulizi

Katika nyumba nyingi ambamo tarakilishi imekuwa miongoni mwa vyombo vya kawaida, kama zilivyo redio na runinga, kuna mjadala usiokwisha. Wapo wanaoshikilia kwamba mtambo huu sharti uzimwe kila unapomaliza kutumiwa. Wapo pia wanaoamini kwamba kuuwasha na kuuzima kila mara ndiko kunakoufupishia maisha. Aghalabu mzazi anayenunua tokeni za umeme huwa upande wa kwanza, naye kijana anayepakua filamu usiku huwa upande wa pili. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande humwona mwenzake kuwa mharibifu.

Makala haya yana malengo mawili. Kwanza, yanafafanua sababu za kiufundi na za kiuchumi zinazopaswa kuongoza uamuzi huo. Pili, yanadai kwamba sehemu ya ubishi huu imetokana na lugha. Kitenzi 'kuzima' tumekirithi kutoka kwenye moto na taa, tukakiazimisha mtambo ambao haukubali kugawika katika hali mbili tu za kuwaka na kuzimika.

2.0 Chimbuko la imani ya kutozima

Imani kwamba tarakilishi haifai kuzimwa haikuzuka hivi hivi. Katika tarakilishi za miaka ya 1980 na 1990, data ilihifadhiwa katika diski kuu yenye sahani zinazozunguka kwa kasi. Vichwa vya kusomea vilielea juu ya sahani hizo, na katika diski nyingi za wakati huo umeme ulipoondolewa vilitua juu ya sahani zenyewe. Kila kuwasha na kila kuzima kulikuwa na msuguano. Aidha, vipuri hupanuka vikipata joto na kunywea vikipoa, na kupanuka na kunywea huko hulegeza viungo vilivyolehemewa. Kwa hivyo, waliosema kwamba kuwasha mara kwa mara huchosha mtambo hawakuwa wakipiga porojo.

Hata hivyo, tupime uzito wa hoja hiyo. Waundaji wa diski za aina hiyo aghalabu walizikadiria kuhimili kuwashwa mara 40,000 au 50,000. Mtu akiwasha na kuzima tarakilishi yake mara kumi kila siku, itamchukua takriban miaka 11 kufikia mara 40,000. Ni nadra tarakilishi ya nyumbani kutumiwa kwa muda huo wote. Isitoshe, tarakilishi nyingi za leo zina diski isiyo na kitu kinachozunguka, na hoja ya vichwa kutua haina mashiko kwazo. Kwa upande mwingine, kuiacha tarakilishi ikiwaka nako kuna uchakavu wake. Feni huzunguka mchana na usiku, huvuta vumbi na kulirundika ndani, na joto huzidi palipo na vumbi.

Kuna dai jingine, kwamba kuwasha tarakilishi hula umeme mwingi kuliko kuiacha ikiwaka usiku kucha. Dai hili halina msingi. Mkupuo wa umeme unaoingia mtambo unapowashwa hudumu kwa chini ya sekunde moja. Hata tukichukulia kwamba tarakilishi hutumia wati 150 kwa dakika nzima ya kuamka, umeme huo haufikii ule ambao mtambo wa wati 80 hutumia kwa dakika mbili za kukaa bure.

Imani ya tatu inahusu picha zinazochezacheza kwenye skrini mtumiaji anapoondoka. Picha hizo zilibuniwa kwa ajili ya skrini za zamani za kioo kizito, ambazo zilichomeka alama ya kudumu zikionyesha kitu kimoja kwa muda mrefu. Hazikukusudiwa kuokoa umeme, wala haziuokoi. Skrini inayochezesha picha ni skrini inayowaka.

3.0 Kati ya kuwaka na kuzimika

Katika Kiswahili moto huwaka, taa huwaka, jua huwaka, na hata mtu huwaka kwa hasira. Kinyume chake ni kuzimika. Koroboi ikizimwa haitumii mafuta hata tone. Hakuna koroboi iliyozimika nusu. Tulipoipokea tarakilishi tuliipa vitenzi hivi hivi, na pamoja navyo tukaipa dhana kwamba kuna hali mbili pekee.

Uhalisia ni tofauti. Tangu mwaka 1995, ulipoanzishwa muundo wa ATX wa kampuni ya Intel, kitufe cha tarakilishi ya mezani hakikati umeme moja kwa moja. Hutuma ujumbe tu, na mtambo wenyewe ndio unaojizima, huku sehemu ndogo ikibaki macho kusubiri kuamshwa. Mnamo 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za ACPI, zilizopanga hali za tarakilishi katika ngazi. Mtumiaji wa nyumbani anahitaji kuzifahamu ngazi nne.

Ngazi ya kwanza ni kuwaka kikamilifu. Ya pili ni ile ambapo skrini, diski na feni hupumzika, lakini kumbukumbu ya muda huendelea kulishwa umeme ili kazi iliyokuwa ikifanywa isipotee. Mtambo ulio katika hali hii huamka kwa sekunde chache. Kiswahili tayari kina neno linaloifaa, nalo ni mang'amung'amu, yaani hali ya mtu aliye nusu usingizini, anayesikia akiitwa. Neno hili linavisadifu hasa vipakatalishi vingi vya siku hizi, ambavyo hata vikifunikwa huendelea kupokea barua pepe.

Ngazi ya tatu ni ile ambapo yote yaliyomo katika kumbukumbu ya muda huandikwa kwenye diski kuu, kisha umeme ukaachiliwa. Mtambo unapowashwa tena hurejesha kila kitu kilipokuwa. Huu ni usingizi wa pono, samaki asifikaye kwa kulala. Ngazi ya nne ni kuzima kwenyewe, ambapo programu zote hufungwa na hakuna kinachohifadhiwa cha kurejelewa.

Hata ngazi hii ya nne ina mtego. Kuanzia Windows 8, iliyotolewa mwaka 2012, mtumiaji anapochagua kuzima, mfumo hufunga programu zake lakini huhifadhi kiini chake kwenye diski ili uamke haraka. Ni kuwasha upya ndiko kunakouanzisha mfumo mzima kuanzia mwanzo. Kwa maana hiyo, mtu anayezima tarakilishi yake kila usiku anaweza kumaliza mwezi mzima kiini cha mfumo kisianze upya hata mara moja. Amezima, ila hajazima.

4.0 Hesabu ya umeme

Tuchukue mfano. Tarakilishi ya mezani pamoja na skrini yake inatumia wati 80 ikiwa haifanyi kazi yoyote. Inatumiwa kwa saa 8 na kuachwa ikiwaka bure kwa saa 16. Wati 80 kwa saa 16 ni uniti 1.28 kwa siku, au uniti 38.4 kwa siku 30. Bei ya umeme nchini Kenya hubadilika mwezi hadi mwezi kwa sababu ya gharama ya mafuta na thamani ya shilingi. Kwa ajili ya hesabu, tuseme uniti moja ni shilingi 25. Gharama ya kuacha mtambo bure inakuwa shilingi 960 kwa mwezi, au shilingi 11,520 kwa mwaka.

Mtambo huo huo ukiwa katika mang'amung'amu ya wati 2, gharama kwa saa hizo hizo itakuwa takriban shilingi 24 kwa mwezi. Kipakatalishi kinachotumia wati 10 kikiachwa wazi kitagharimu shilingi 120. Tofauti basi si kati ya kuzima na kutozima tu, bali pia kati ya aina za mitambo na ngazi za usingizi.

Kuna jambo jingine ambalo aghalabu husahaulika. Tangu Aprili 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi ndiyo inayotozwa bei ya chini kabisa katika mpangilio wa Kenya Power. Uniti 38.4 za tarakilishi iliyokaa bure zinatosha peke yake kuitoa nyumba ndogo katika daraja hilo. Anayekodi chumba kimoja karibu na chuo hapaswi kulichukulia hili kuwa dogo.

Hata kilichozimwa lakini kikaachwa kwenye soketi hunywa umeme kidogo. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza nchi zilenge wati moja kwa kila kifaa kinachosubiri kuwashwa. Umoja wa Ulaya ulilifanya hilo kuwa sheria kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2013 ukapunguza kiwango hadi nusu wati. Kwa kifaa kimoja si kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba.

5.0 Umeme unapokatika

Katika nchi ambazo umeme haukatiki, mjadala ungeishia kwenye gharama. Kwetu hauishii hapo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru kwenye Mto Tana, na taifa zima likabaki gizani kwa saa kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea usiku karibu nchini kote, na sehemu nyingi hazikuupata hadi siku iliyofuata.

Hapa ndipo tofauti kati ya mang'amung'amu na usingizi wa pono inapokuwa na maana kubwa kwa mwanafunzi. Tarakilishi ya mezani iliyo katika mang'amung'amu inategemea umeme wa ukutani. Ukikatika, sura ya tasnifu iliyokuwa wazi bila kuhifadhiwa hupotea papo hapo. Iliyo katika usingizi wa pono haidhuriki, kwa kuwa kila kitu kimekwisha kuandikwa kwenye diski. Kipakatalishi kina ahueni ya betri, mradi betri yenyewe iwe nzima.

Fauka ya hayo, umeme unaporudi huweza kurudi kwa kishindo na kuunguza kifaa cha kusambazia umeme ndani ya mtambo. Katika maeneo kama Kisii na Kakamega, ambako radi ni jambo la kawaida, kuzima kwa kitufe hakutoshi. Dawa ni kuchomoa waya kutoka kwenye soketi, pamoja na waya wa intaneti ikiwa upo, kabla dhoruba haijafika.

6.0 Usalama na masasisho

Tarakilishi iliyozimwa haiwezi kuvamiwa na wadukuzi kupitia mtandao. Hiyo ni hoja ya wazimaji. Hata hivyo, masasisho mengi ya usalama hayakamiliki mpaka mtambo uwashwe upya. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa fulani katika Windows. Mwezi Mei mwaka huo huo, kirusi cha WannaCry kiliupenya ufa huo na kuambukiza tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali nchini Uingereza. Zilizoathirika ni zile ambazo hazikuwa na kiraka hicho. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni haki pia kukiri kwamba zipo sababu njema za kuacha mtambo ukiwaka. Kati ya 1999 na 2020, watu wengi duniani waliachilia tarakilishi zao zifanye kazi za mradi wa SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochunguza mawimbi ya redio kutoka angani. Nakala za akiba zinazoandaliwa usiku ni mfano mwingine. Linalotofautisha hali hizi na ubadhirifu ni kuwepo kwa kazi inayofanywa.

7.0 Mwongozo

Kutokana na maelezo haya, mtumiaji wa nyumbani anaweza kufuata kanuni nyepesi. Akiondoka kwa muda mfupi, azime skrini au aulaze mtambo mang'amung'amu baada ya kuhifadhi kazi yake. Akienda kulala na angependa kuendelea alipoachia, achague usingizi wa pono, hasa ikiwa tarakilishi ni ya mezani na haina UPS. Akimaliza kazi, azime. Angalau mara moja kwa wiki awashe upya ili masasisho yakamilike. Akisafiri, au mawingu ya radi yakitanda, achomoe.

8.0 Hitimisho

Jibu la swali letu, basi, ni kwamba kuzima hakuidhuru tarakilishi ya leo, na kuiacha ikiwaka bila kazi ni hasara. Baina ya hayo mawili kuna hali mbili za usingizi ambazo wengi hawazitumii, kwa sababu, miongoni mwa sababu nyingine, hawajazisikia zikitajwa kwa lugha wanayoifikiria.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa programu ya Jambo OpenOffice na kuonyesha kwamba tarakilishi inaweza kuzungumza Kiswahili. Kazi iliyobaki ni yetu pia. Istilahi si pambo la kamusi. Mama anayeambiwa 'izime' na 'usiizime' hana njia ya tatu. Akiambiwa kwamba inaweza kulazwa usingizi wa pono, kazi ya mwanawe ikasalia salama na tokeni zisiishe, ataelewa mara moja, kwa sababu pono anamjua. Maneno mang'amung'amu na pono yametolewa hapa kama pendekezo. Wanaisimu wayapime, wayakosoe, na wakipata yaliyo bora wayatoe.