Umaarufu wa Chapisho: Idadi au Uzito?

Chapisho maarufu katika mitandao ya kijamii ni lipi? Wengi watajibu kuwa ni lile lililofunguliwa na watu wengi. Jibu hilo lina kasoro, kwani kufungua si kusoma. Hadi mwaka wa 2012, YouTube ilipendekeza video hasa kwa idadi ya mara zilizofunguliwa. Watayarishaji wakazipamba kwa vichwa vya kuhadaa, nao watazamaji wakaziacha papo hapo. Mwaka huo kampuni ikaanza kuzingatia muda wa kutazama.

Facebook ilijikwaa kwingine. Mwaka wa 2017 alama za hisia, ikiwemo ya hasira, zilipewa uzito mara 5 ya alama ya kupenda. Uchochezi na uvumi ukapata ngazi ya kupandia, maana aliyekasirika hujibu upesi kuliko aliyeelewa. Mwaka wa 2020 uzito wa hasira ukashushwa hadi 0.

Kwa maoni yetu, kipimo kifaacho ni jibu lenye hoja. Washairi wetu wanalifahamu hili: katika malumbano, shairi hukuzwa na shairi linalolijibu, si na makofi. Msomaji aliyefika mwisho, akauliza, akajibiwa, kisha akarejea, apewe uzito kuliko alama mia moja za akaunti bandia (ambazo, tusisahau, hununuliwa). Ugumu ni kwamba tusi nalo ni jibu, na mashine iliyofunzwa zaidi kwa Kiingereza hupitwa na kejeli ya Kiswahili, seuze Sheng. Hapo mpimaji hana budi kuwa mtu aijuaye lugha.