Wazee Wetu na Utunzaji wa Mazingira



Tunapowataja wazee, aghalabu tunawataja kama watu wa kusaidiwa: kuletewa chakula, kupelekwa hospitali, kutandikiwa mkeka. Hizo ni haki zao juu yetu. Lakini tunasahau upande wa pili, nao ni yale wanayoweza kutufanyia wao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Wengi wa umri huo bado wana nguvu, wana wakati, na wana ujuzi ambao vitabu vyetu havina. Katika makala haya tutaeleza jinsi wazee wa kujitolea wanavyoweza kukitengeneza kituo chao, au baraza lao wanapokutana, kiwe pahala panapotunza mazingira.

Mfano wa Kinyasini

Je, mzee anaweza kujifunza jambo jipya? Jibu lipo Unguja. Huko Kinyasini kuna chuo cha Barefoot College, taasisi iliyoanzia kijiji cha Tilonia nchini India mwaka 1972. Chuo hiki huwafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa mabibi wenye wajukuu na waliosoma kidogo tu, kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Mafunzo huchukua miezi kadhaa, na hutumia rangi na vitendo zaidi kuliko maandishi. Kisha hurejea vijijini kwao na kuwasha taa mahali palipokuwa na koroboi. Basi umri si kizuizi.

Jikoni

Hapa Kinyerezi tunaishi jirani na mitambo inayofua umeme kwa gesi asilia. Hata hivyo, jikoni kwetu wengi bado tunapika kwa mkaa. Serikali imekuwa ikieleza kuwa moshi wa kuni na mkaa husababisha vifo vya watu wapatao 33,000 nchini kila mwaka. Wanaoumia zaidi ni wanaokaa karibu na jiko, na mzee mwenye kifua kibovu ni miongoni mwao. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Kituo kisichomudu gesi kila siku kinaweza kuanza na njia ya kikapu. Maharage hulowekwa usiku kucha, huchemshwa vizuri, kisha sufuria iliyofunikwa hutiwa ndani ya kikapu kilichosheheni matambara au pamba. Joto halitoki, na maharage huendelea kuiva bila moto. Yakitolewa huchemshwa tena kidogo kabla ya kuliwa. Bibi zetu wanaojua kushona na kusuka wanaweza kuvitengeneza vikapu hivi wenyewe.

Maji

Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Sisi tunafungua bomba mpaka mwisho! Tufanye hesabu. Wazee 30 wakitawadha kwa Adhuhuri na Alasiri, kila mmoja akitumia lita 5, ni lita 300. Wakitumia birika la lita moja, ni lita 60. Zimeokolewa lita 240, yaani ndoo 12 kubwa za lita 20. Na hayo yanayomwagika yachimbiwe mfereji, yaende kwenye migomba na mipapai.

Maji ya mvua nayo yasipotee. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita 10 kwa 8 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,600. Hata tukipoteza sehemu ya tano, tangi la lita 1,000 litajaa na kufurika. Maji ya mwanzo yaachwe yapite kwanza, kwani huosha vumbi la bati.

Taka na miti

Maganda ya ndizi, majani na mabaki ya mboga yasichanganywe na plastiki. Yawekwe shimoni kwa matabaka, makavu na mabichi, yanyunyiziwe maji na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi michache hugeuka mboji ya bustani ya mchicha. Plastiki isichomwe, moshi wake ni sumu. Wala isitupwe mtaroni, kwani mtaro ulioziba huyarudisha maji majumbani wakati wa masika.

Ama miti, mzee ndiye mwalimu. Yeye anajua mwembe unataka nafasi kiasi gani, mwarobaini unavumilia vipi ukame, na kivuli kitaangukia wapi wakati wa alasiri. Joto la Dar es Salaam si mchezo kwa mwili uliochoka, na kivuli hakilipiwi luku.

Wajibu wetu

Ndugu wanafunzi, mzee atapima shimo, lakini kuchimba ni kazi yetu. Atachagua mche, nasi tubebe ndoo. Mwenye kupanda mwembe akiwa na miaka 70 anajua kuwa huenda asile maembe yake mengi, naye anaupanda. Watakaoyala ni sisi na wadogo zetu. Basi tusimwachie jembe peke yake.

Wabillahi tawfiq.