Stendi ya Mazoezi: Istilahi na Uchaguzi Wake

Miongoni mwa majina yanayowatatiza wafasiri ni lile la chombo kinachoshikilia gurudumu la nyuma la baiskeli ya mbio, ili mwendeshaji akanyage pedeli chumbani bila ya kwenda popote. Chombo hiki kina manufaa hapa Dodoma, ambapo vumbi la kiangazi na upepo wa uwanda wa juu huwasumbua waendeshaji.

Waingereza hukiita kwa neno ambalo hutumika pia kwa mtu afunzaye. Mfasiri asiyejihadhari ataandika "mkufunzi wa baiskeli". Na hati ya ununuzi ikiandikwa hivyo, mhasibu atakuwa na haki ya kuuliza mshahara wake ni kiasi gani. Tulifikiria "kikinza", kutokana na kitenzi kinza, lakini mzizi huo umekwisha kuzoeleka katika istilahi za umeme. Mafundi wetu husema "stendi" kwa chuma kinachoisimamisha baiskeli. Kwa hiyo twapendekeza "stendi ya mazoezi".

Aina zake zitajwe kwa kufuata kile kinacholeta ukinzani:

(a) Stendi ya feni. Gurudumu huzungusha feni, na ukinzani huongezeka kadiri mwendo unavyozidi. Ni sahili, ila ina kelele nyingi.

(b) Stendi ya sumaku. Sumaku huzuia kisahani cha metali kinachozunguka bila ya kukigusa. Aghalabu mwendeshaji huongeza au hupunguza uzito kwa wenzo. Kelele yake ni ndogo kuliko ya feni, na zile za kawaida hazihitaji umeme.

(c) Stendi ya ugiligili. Mapanga huzunguka ndani ya mafuta yaliyofungiwa. Mwendo wake ni laini, lakini aghalabu bei yake huipita ile ya sumaku.

Rola tusizichanganye na hizi, kwa kuwa hazishikilii baiskeli. Magurudumu yote mawili huzunguka juu ya mapipa, na anayeanza huanguka kwa urahisi.

Kwa mwenye kipato cha kadiri, twaona stendi ya sumaku yatosha. Hata hivyo, ekseli ichunguzwe kwanza. Stendi nyingi hushika ekseli inayofunguliwa kwa wenzo wa mkono, ilhali baiskeli nyingi za mizigo zitumikazo vijijini hufungwa kwa nati, nazo huenda zikahitaji vishikio vya namna nyingine. Tairi nalo liwe laini, kwani lenye meno hunguruma na kutetemeka.

Hati isemayo "stendi ya mazoezi" pasipo kutaja aina ya ukinzani na ya ekseli yaweza kuleta chombo kisichoingia katika baiskeli iliyokusudiwa, na fedha zikapotea. Istilahi ni njema pale inapomwezesha mnunuzi kupata alichokitaka. Wasomaji wenye majina bora, hasa yatumiwayo na mafundi wa mahali walipo, tunawaomba watuletee.