Kusoma matumizi ya kikundi katika Linux

Programu moja ikila rasilimali zote, nyingine hukwama. Ndiyo maana, tangu 2008, kiini cha mfumo endeshi wa Linux kinaweza kugawa programu katika vikundi na kupima matumizi ya kila kikundi. Katika toleo la pili la mpango huu, vipimo husomwa kwenye faili:

(a) memory.current: kumbukumbu inayotumika sasa, kwa baiti.
(b) cpu.stat: jumla ya muda wa prosesa uliotumika, kwa mikrosekunde.

Zingatia: (b) ni kama mita ya maji, hujumlisha tu. Soma mara mbili, kisha toa.

Mfano: Kwanza 4,000,000, baada ya sekunde 10, 9,000,000. Tofauti ni 5,000,000, yaani sekunde 5. Hivyo 5 ÷ 10 × 100 = asilimia 50 ya prosesa moja.